Ukatili ni asili ya binadamu? Naomba mwongozo wa kutafuta vyanzo maktabani

Mwaka_wa_Pili aliandika:

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Dodoma, nasoma sosholojia mwaka wa pili. Tumepewa insha: "Ukatili ni asili ya binadamu, au ni zao la jamii? Jadili kwa kutumia ushahidi wa mabadiliko ya binadamu." Masharti: vyanzo visipungue kumi, viwe vitabu vya kitaaluma au makala za majarida, na angalau viwili vihusu Tanzania. Blogu na video mwalimu hapokei.

Nimekwenda maktaba, nikakaa kwenye kompyuta ya katalogi, nikaandika "asili ya binadamu" kwa Kiingereza. Vikatoka vitabu hadi nikachoka kushuka navyo: falsafa, dini, saikolojia, mpaka uongozi wa biashara. Ninachokijua mimi kuhusu mada hii ni kile cha kidato cha kwanza: Zinjanthropus, Olduvai, Dk. Leakey, 1959. Basi.

Kuna video moja imenikaa kichwani. Inasema mababu zetu wa kwanza waliachana na nyani wengine pale walipojifunza kuua kwa kutumia mifupa kama rungu, na ndiyo maana vita haviishi duniani. Imeelezwa vizuri mno na ningependa kuijenga insha juu yake, ila sioni nani alisema kwanza na alitoa wapi. Naanzia wapi? Na bando langu ni la kuungaunga, mnisaidie kwa kuzingatia hilo.

Chuga_Boy alijibu:

Mkuu unajitesa bure. Akili mnemba ipo kwenye simu yako, iambie ikupe vyanzo kumi, dakika mbili umemaliza.

Mama_Katalogi alijibu:

Mdogo wangu Mwaka_wa_Pili, mimi ni mkutubi huku Nyanda za Juu Kusini, kazi yangu ya kila siku ni dawati la marejeleo. Nianze na hilo la Chuga_Boy, kwa heshima zote. Orodha za namna hiyo wanafunzi wananiletea kila muhula. Mwandishi yupo, jarida lipo, mwaka upo, lakini makala yenyewe haipo. Ukifungua toleo lile, ukurasa ule, unakuta kazi ya mtu mwingine kabisa juu ya jambo jingine kabisa. Mwalimu akiitafuta akaikosa, kazi yako yote inaingia shaka, hata ile sehemu uliyoiandika kwa jasho. Itumie ikufafanulie neno gumu ukipenda, lakini chanzo kifungue mwenyewe, ukisome.

Sasa video yako. Wazo lile lina mwenyewe: Raymond Dart, mtaalamu wa anatomia wa Johannesburg. Mwaka 1925 alitangaza fuvu la mtoto lililotoka Taung, Afrika Kusini, akalipa jina la Australopithecus africanus. Katika hilo alikuwa sahihi, ingawa wakubwa wa taaluma Uingereza walimpuuza kwa miaka mingi. Wengi wao walikuwa wamelishikilia fuvu la Piltdown la huko Uingereza, lililodaiwa kuwa la babu wa binadamu, ambalo mwaka 1953 lilikuja kuthibitika kuwa la kughushi. Baadaye Dart akachunguza rundo kubwa la mifupa ya wanyama kutoka pango la Makapansgat, hukohuko Afrika Kusini. Akaona aina fulani za mifupa zimejaa na nyingine hazipo, akahitimisha kwamba viumbe wale wa jamii ya Australopithecus walichagua mifupa, meno na pembe za kutumia kama silaha. Mwaka 1953 akaandika makala iliyosema viumbe wale walikuwa wauaji. Robert Ardrey, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, akalibeba wazo hilo kwenye kitabu chake cha 1961 kilichosomwa sana, na tangu hapo linazunguka. Video yako imelichota huko.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu: dai lolote kuhusu asili ya binadamu lifuate kinyumenyume mpaka ufike pale ambapo mtu alishika mfupa, au alikaa na watu kijijini, akapima kitu. Ukifika hapo geuka, ulifuate kwenda mbele, uone nani alirudi kuupima mfupa uleule.

Aliyerudi kwa Dart ni C. K. Brain, na kitabu chake cha 1981 ukikipata usikiachie. Yeye aliuliza swali la msingi kabisa: mifupa hii iliingiaje pangoni? Akaenda Namibia, kwenye vijiji vya wafugaji wa Kikhoikhoi, akakusanya mifupa ya mbuzi waliochinjwa na kuliwa na watu, kisha ikatafunwa na mbwa. Mifupa migumu ilibaki, ile laini ikapotea, na uwiano uliosalia ukafanana na ule wa Makapansgat. Hakuna aliyechagua silaha. Meno ya mbwa ndiyo yaliyochagua. Halafu yupo mtoto wa Swartkrans, pango jingine la Afrika Kusini, kisukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe) namba SK 54. Ni kipande cha fuvu chenye matundu mawili madogo upande wa kisogoni. Brain akachukua taya ya chui wa kale iliyofukuliwa kwenye pango hilohilo, akaiweka juu ya matundu yale. Meno mawili ya chonge ya chini yakaingia sawasawa. Ile picha ya fuvu na taya vikiwa pamoja itafute, iangalie kwa macho yako, maana inaeleza kuliko kurasa ishirini. Na mwaka 1995 Berger na Clarke wakatoa hoja kwamba hata mtoto wa Taung mwenyewe, aliyeanzisha habari yote hii, aliuawa na ndege mkubwa wa jamii ya tai.

Kwa hiyo ukiijenga insha juu ya video, unaijenga juu ya wazo lililopimwa likashindwa kabla hujazaliwa. Ukieleza jinsi lilivyozaliwa na lilivyoangushwa, tayari una Dart 1925, Dart 1953, Brain 1981, Berger na Clarke 1995. Vinne hivyo.

Lakini usikimbilie upande wa pili ukaandika kwamba binadamu ni mpole kwa asili. Kuanguka kwa Dart hakuthibitishi hilo. Gombe, hapo Kigoma, Jane Goodall na wenzake waliona kati ya 1974 na 1978 sokwe wa kundi la Kasakela wakiwashambulia na kuwaua madume wa kundi la Kahama, ambalo lilikuwa limejitenga nao. Kwa miaka mingi kulikuwa na waliosema wale sokwe waliharibiwa na ndizi walizokuwa wakipewa na watafiti. Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapa utafiti wa Wilson na wenzake uliolinganisha makundi mengi ya sokwe Afrika nzima, wakaona mauaji hayaelezeki kwa kuingiliwa na watu. Utafiti huohuo unaonyesha kwamba kwa bonobo wa Congo, nyani wakubwa ambao wana undugu na sisi sawa na sokwe, kulikuwa na tukio moja tu la kushukiwa. Hapo una mvutano wa kweli wa kujadili, na Gombe inakupa chanzo cha Tanzania.

Kuhusu rafu: maktaba nyingi za mikoa zinapanga vitabu kwa mfumo wa namba wa Dewey. Mabadiliko ya binadamu yapo 599.93, lakini mpangilio huo ulikuja na toleo la 1996. Kabla ya hapo yalikuwa 573.2, na vitabu vilivyoingia zamani aghalabu vimebaki hukohuko kwa sababu hakuna mtumishi wa kubandika lebo upya. Pita kote kuwili. Visukuku vyenyewe ni 569.9, falsafa ya asili ya binadamu 128, na makabila na jamii 305.8. Maktaba inayotumia mfumo wa Congress (Maktaba ya Bunge la Marekani), nenda GN281. Na usichomoe kitabu kimoja ukaondoka. Soma migongo ya vile vilivyokaa kushoto na kulia kwake.

Kwenye katalogi na kwenye majarida, acha maneno mapana kama uliyoandika. Andika namba ya kisukuku. Huyo Zinjanthropus wako wa kidato cha kwanza namba yake ni OH 5 (Olduvai Hominid 5). Aliyemwona ardhini ni Mary Leakey, tarehe 17 Julai 1959. Mumewe siku hiyo alikuwa mgonjwa kambini. Louis akampa jina la Zinjanthropus boisei, leo wengi wanaandika Paranthropus boisei, wengine Australopithecus boisei. Ukitafuta jina moja utakosa nusu ya maandishi, lakini OH 5 ni OH 5 tangu mwanzo. Phillip Tobias alitoa juzuu nzima mwaka 1967 juu ya fuvu hilo moja tu, vipimo vya jino hadi jino. Na kwa mada yako kuna kitu kizuri zaidi: mwaka 2008 van der Merwe, Masao na Bamford walichapisha uchunguzi wa kemikali ya meno ya boisei wa Tanzania katika jarida la sayansi la Afrika Kusini. Chakula chake kikubwa kilitokana na mimea ya jamii ya nyasi na ndago. Yule mwenye taya ya kutisha kwenye vitabu vyetu vya shule alikuwa anatafuna majani. Fidelis Masao ni mwanataaluma wetu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtaje kwa jina.

Kuhusu bando. Muulize mkutubi wa chuo chako kama wamejisajili Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea majarida ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu; wanaojisajili ni taasisi, si mtu mmoja mmoja, na mara nyingi nenosiri lipo kwake na wanafunzi hawajui kama lipo. JSTOR, hazina ya makala za majarida mtandaoni, ukifungua akaunti ya bure unasoma makala hadi 100 kwa mwezi palepale mtandaoni. Makala za majarida ya eLife na PLoS ONE ni za bure kwa kila mtu. Zipakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba, uzisomee bwenini. Ukipata makala moja nzuri kwenye Google Scholar, bonyeza kile kiungo cha chini chenye idadi ya walioinukuu. Hapo ndipo utakapowaona waliokubali na waliopinga.

Mzee_wa_Mikindani aliandika:

Nimefuatilia kwa makini. Binti Mama_Katalogi, mimi ni mtu wa umri, mwalimu mstaafu, na naamini Mwenyezi Mungu ndiye aliyetuumba. Haya mambo ya mafuvu nataka niyasome mwenyewe nijue wanasema nini hasa, kwa sababu wajukuu wananiuliza nami sipendi kuwajibu kwa kusikia. Nikienda maktaba ya mkoa nikaviomba, nitaeleweka? Na vipo vya Kiswahili?

Mama_Katalogi alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Nenda bila wasiwasi. Mkutubi hamuulizi msomaji anaamini nini, na akiuliza amekosea kazi yake. Vitabu vya dini vinavyozungumzia uumbaji vipo kwenye mia mbili, vya visukuku vipo kwenye mia tano, na vyote unaweza kuviweka meza moja.

Vya Kiswahili vilivyo na kina ni vichache mno, na hilo linaniuma. Visukuku vimetoka kwenye ardhi yetu, wachimbaji wengi walikuwa watu wetu, na maandishi yake karibu yote yapo Kiingereza na Kifaransa. Ukipita Dar es Salaam ingia Makumbusho ya Taifa, pale mtaa wa Shaaban Robert, uone sehemu ya chimbuko la binadamu. Nenda na wajukuu.

Vitunguu_Mang'ola aliandika:

Habari za humu. Mimi nalima vitunguu Mang'ola, Ziwa Eyasi lile pale, majirani zangu wengine ni Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi. Naona hawajatajwa, na watafiti wanaokuja huku kwa ajili yao hawakatiki. Mdogo wetu wa Dodoma asiwasahau, ila naomba asiwaandike kama vile ni watu wa kale waliosahaulika porini. Ni watu wa leo. Wapo wenye simu, wapo watoto wao shuleni, na mwaka 2011 wale wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao baada ya kuhangaika sana.

Nilichokiona kwa macho: bibi mwenye nywele nyeupe anachimba mizizi kwenye ardhi ya mawe, kwa mti uliochongwa ncha, jua la saa saba, na wajukuu wamekaa pembeni wanasubiri. Mizizi inababuliwa kidogo tu kwenye moto, unatafuna, unameza maji yake, zile nyuzi unazitema. Nimekula, ina utamu wa mbali. Na wakikorofishana sijaona wakimalizana kwa vita. Mmoja anafunga vitu vyake, ambavyo ni vichache, anahamia kambi nyingine.

Mama_Katalogi alijibu:

Kaka wa Mang'ola, asante sana. Uliyoyaona yana maandishi yake, na hapa ndipo mwanafunzi wetu amalizie hesabu ya vyanzo vya Tanzania.

Habari ya bibi: Hawkes, O'Connell na Blurton Jones, jarida la Current Anthropology, 1997. Walipima muda ambao wanawake wa Kihadzabe wanatumia kutafuta chakula na uzito wa watoto. Mama akiwa na mtoto mchanga, afya ya mtoto mkubwa aliyekwisha kuachishwa ziwa hutegemea sana kazi ya bibi. Mwaka uliofuata wakiwa na wenzao wakatoa hoja katika PNAS, jarida la sayansi la Marekani, kwamba huenda ndiyo maana mwanamke anaishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi. Angalia hilo linavyogeuza swali zima: wakati Dart alitafuta asili yetu kwenye rungu la mwanamume, hawa waliitafuta kwenye mti wa kuchimbia wa bibi.

Habari ya kuhama kambi: James Woodburn, jarida la Man, 1982, inapatikana JSTOR. Anaeleza jinsi Wahadzabe wanavyoishi bila mkubwa wa kuamrisha. Sababu mojawapo ni hiyo ya kuhama, na nyingine ni kwamba kila mwanamume ana upinde na mishale ya sumu, hivyo anayejitia ubabe anajua anaweza kupigwa mshale usiku akiwa amelala. Soma sehemu hiyo polepole. Uwezo wa kuua upo kwa kila mtu, na kuwepo kwake kunamzuia mmoja asiwatawale wengine. Mwalimu wako akikuuliza kama ukatili ni asili au ni jamii, hapo una mfano ambao vyote viwili vipo kambi moja.

Na onyo la kaka lizingatie. Ukiandika "Wahadzabe wanatuonyesha tulivyokuwa zamani", alama zitaondoka, na zitakuwa zimeondoka kwa haki.

Kilifi_Kwetu aliandika:

Salaam wadau. Huku kwetu Kilifi kuna pango la Panga ya Saidi. Mwaka 2021 walitangaza kwenye Nature kaburi la mtoto wa miaka kati ya miwili na mitatu, wakampa jina Mtoto. Umri wake ni kama miaka 78,000. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na jinsi kichwa kilivyolalia inaonyesha kulikuwa na kitu kama mto chini yake ambacho kilioza. Mifupa ilikuwa laini kiasi kwamba haingetolewa mmoja mmoja, ikabidi wautie udongo wote plasta na kuubeba mzima hadi Makumbusho ya Nairobi, kisha Hispania kuchunguzwa. Mmoja wa watafiti ni Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Kenya. Mwanafunzi akiandika juu ya ukatili, basi aandike pia kuna mtu alimfunika yule mtoto vizuri.

Mwaka_wa_Pili aliandika:

Sijui niwashukuru vipi. Leo nimeshinda maktaba. Kwenye 573 nilikuta vitabu ambavyo kwenye kompyuta havikutokea kabisa. Woodburn nimempata JSTOR, na mkutubi amenithibitishia nenosiri la Research4Life lipo, linabandikwa ubaoni ofisini kwake. Kitabu cha Brain hatuna hapa, wameniambia wataulizia chuo kingine.

Swali la mwisho dada Mama_Katalogi. Dart wa 1953 simpati popote, ila nimepata makala mbili zinazomweleza na kunukuu maneno yake. Naweza kumweka kwenye orodha ya marejeo?

Mama_Katalogi alijibu:

Hapana. Unachoweka kwenye orodha ni kile ulichokifungua. Kwenye insha andika "Dart (1953), kama alivyonukuliwa na…", kisha umtaje uliyemsoma, na huyo ndiye anayeingia kwenye orodha. Mwalimu anayejua kazi atakuheshimu zaidi kwa hilo.

Ila Dart wa 1925 usikubali kumsoma kwa mdomo wa mtu. Ni Nature, juzuu ya 115, kuanzia ukurasa wa 195, kurasa tano tu. Mpe mkutubi wako namba hizo kwenye karatasi, na kama kwao haifunguki nitumie ujumbe wa faragha hapa nijue chuo chako kina usajili gani, tuone njia nyingine kabla ya tarehe yako ya kukusanya.